Mifupa ya Mama: Nani Hujenga, Nani Hubomoa?

Wengi wetu mfupa tumeuona buchani tu, mweupe, mkavu na mgumu kama jiwe. Ndiyo maana tumezoea kufikiri kwamba hata mifupa iliyo ndani ya miili yetu ni nguzo zilizokwisha kusimikwa, zisizohitaji chakula wala matunzo. Mama akiwa mjamzito huulizwa habari za damu yake, na akiwa na mtoto mchanga huulizwa habari za maziwa. Mifupa yake haiulizwi na mtu. Hukumbukwa siku mama wa miaka sitini anapoteleza kwenye sakafu yenye maji, akaanguka kwa kimo chake tu, na nyonga ikavunjika.

Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi twawapokea akina mama wa namna hiyo wodini, na mara nyingi ndugu zao hutuambia, "Ni uzee tu, nesi." Uzee una sehemu yake, hatukatai. Lakini mfupa unaovunjika katika miaka ya sitini ulianza kudhoofika zamani, na mengi yaliyoudhoofisha yangeweza kuzuiwa jikoni, uani na katika duka la dawa. Hebu basi, dada na mama wapendwa, tuitazame mifupa yetu kwa utaratibu: inajengwaje, inaunganaje ikivunjika, na ni mambo gani yanayoijenga au kuibomoa katika maisha ya mwanamke.

MFUPA NI KITU HAI

Mfupa una mishipa ya damu, una mishipa ya fahamu, na una chembe hai za aina mbalimbali. Chembe za aina moja tunaweza kuziita wabomoaji. Kazi yao ni kumega mfupa uliochakaa. Za aina nyingine ni wajenzi. Hao huja nyuma ya wabomoaji na kujaza mfupa mpya mahali palipomegwa. Kazi hii haikomi usiku wala mchana. Kwa mtu mzima, karibu asilimia 10 ya mifupa yote hufanywa upya kila mwaka.

Wajenzi hao huanza kwa kutandika nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazoufanya mfupa uweze kupinda kidogo bila kukatika. Kisha juu ya nyuzi hukaa madini, hasa kalsiamu na fosfati, ambayo huupa mfupa ugumu wake. Fikirini nguzo ya zege: nondo ziko ndani na saruji huzizunguka. Saruji bila nondo hupasuka, na nondo bila saruji hupinda. Mfupa wenye kalsiamu bila protini ya kutosha ni dhaifu, na wenye protini bila kalsiamu ni dhaifu vilevile.

Mfupa pia ni ghala. Asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile asilimia moja iliyobaki imo katika damu na sehemu nyingine za mwili, na bila hiyo moyo haupigi sawasawa na misuli haifanyi kazi. Kwa hiyo mwili haukubali kamwe kalsiamu ya damu ipungue. Chakula kisipoleta ya kutosha, mwili hufungua ghala na kuichukua katika mifupa. Mama hasikii maumivu yoyote. Ghala linapungua kimya kimya, mwaka hata mwaka.

MFUPA UKIVUNJIKA

Hakuna dawa inayounga mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe, na plasta ngumu au vyuma vya hospitali kazi yake ni kuushika mahali pake wakati unajenga. Mara tu unapovunjika, damu huvuja na kuganda pale penye ufa. Katika wiki mbili tatu zinazofuata, donge hilo la damu hubadilika kuwa daraja laini ambalo sehemu yake kubwa ni gegedu, yaani kitu kile kile laini na imara tunachokigusa kwenye ncha ya pua na masikioni. Kisha wajenzi huligeuza daraja hilo kuwa mfupa mgumu. Kazi hiyo huchukua takriban wiki 6 hadi 12 kwa mtu mzima, na kwa mtoto huwa fupi zaidi. Baada ya hapo mfupa huendelea kuchongwa na kunyooshwa kwa miezi mingi, hata miaka.

Wakati huo wote mgonjwa anajenga. Je, tunampa nini? Mara nyingi tumeona kikapu cha mgonjwa aliyevunjika mguu kina chai ya rangi, mkate na uji mweupe. Huyo ni fundi aliyeambiwa ajenge nyumba bila matofali. Anahitaji protini kila mlo, maziwa au dagaa, mboga na matunda, na chakula cha kumtia nguvu. Mwenye kisukari aangaliwe zaidi, kwani sukari isiyotulizwa huchelewesha mfupa kuungana. Mvuta sigara naye huchelewa kupona.

Tunaomba pia jambo moja kwa wale wanaopeleka wagonjwa kwa waunga mifupa wa jadi. Mguu au mkono uliofungwa kwa kukazwa sana hufa. Vidole vikivimba, vikiwa vya baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, legezeni mafungo mara moja na mwende hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

WASIMAMIZI WA KAZI

Mafundi wanahitaji msimamizi. Katika mwili, wasimamizi ni homoni, yaani vichocheo vinavyotengenezwa na tezi na kusafirishwa na damu mpaka mahali pa kazi. Tutaje zile kubwa.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogo nne, kila moja kama punje ya mchele. Hizo hupima kalsiamu ya damu muda wote. Ikipungua, hutoa homoni inayoamuru mifupa itoe kalsiamu, na inayoziambia figo zisiipoteze katika mkojo. Huyu ni mwenye funguo za ghala.

Wa pili ni vitamini D. Tunaiita vitamini, lakini hufanya kazi kama homoni. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, kisha ini na figo huikamilisha. Kazi yake ni kuuwezesha utumbo kuipokea kalsiamu ya chakula. Mama anaweza kunywa maziwa kila siku, lakini kama hana vitamini D, sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hupita tu na kutoka chooni. Mtoto asiyepata vitamini D hupata matege.

Wa tatu, na muhimu sana kwetu wanawake, ni estrojeni, homoni ya kike inayotoka katika vifuko vya mayai. Huyu huwazuia wabomoaji wasizidishe. Msichana anapovunja ungo estrojeni humsaidia kujaza mifupa haraka sana. Ifikapo miaka 18, msichana amekwisha kupata karibu asilimia 90 ya mfupa atakaokuwa nao maishani. Hapo tufikirie vizuri, akina mama. Binti wa miaka 13 anayekwenda shule bila kunywa uji, akala mihogo ya kukaanga mchana, na jioni akapata ugali na mchuzi mtupu kwa sababu vipande vimewekewa baba na kaka zake, anaweka akiba ndogo. Akiba hiyo ndiyo atakayoitumia akiwa na miaka sitini.

Homoni ya tezi ya shingo nayo ikizidi huharakisha ubomoaji. Mtu anayekonda bila sababu, anayetetemeka mikono na moyo kumwenda mbio, apimwe.

MIMBA NA KUNYONYESHA

Mtoto aliye tumboni huhitaji jumla ya gramu 30 hivi za kalsiamu, na sehemu kubwa huichukua katika miezi mitatu ya mwisho. Je, humla mama mifupa? Mwili wa mama umejiandaa. Wakati wa mimba utumbo huongeza uwezo wake wa kupokea kalsiamu karibu mara mbili. Na ile imani kwamba mtoto huchukua kalsiamu katika meno ya mama si kweli. Meno yakiharibika wakati wa mimba, sababu ni fizi zinazovimba, kutapika, au sukari na kutopiga mswaki. Mwende kwa daktari wa meno.

Katika kunyonyesha, estrojeni hushuka, na mama hupoteza kiasi cha mfupa, kwa kawaida asilimia 3 hadi 10 katika miezi sita ya kwanza. Msiogope mkaacha kunyonyesha! Baada ya mtoto kuachishwa ziwa na hedhi kurudi, mifupa hujijaza tena. Watafiti waliwapa baadhi ya akina mama wanaonyonyesha katika vijiji vya Gambia kalsiamu ya ziada, ingawa chakula chao cha kawaida kilikuwa na kalsiamu kidogo sana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba kalsiamu hiyo haikuongeza kitu katika maziwa, wala haikuzuia mifupa kupungua kwa muda ule. Homoni ndizo zilizokuwa zinaongoza kazi, na chakula hakikuweza kuzipita. Somo kwetu ni kwamba mama anahitaji muda wa kujijaza baada ya kuachisha ziwa. Mtoto akifuatwa na mwingine upesi upesi, muda huo hufupishwa.

Hata hivyo, kalsiamu wakati wa mimba ina faida nyingine. Shirika la Afya Duniani hushauri wajawazito wa mahali ambako chakula kina kalsiamu kidogo wapewe vidonge vyake ili kupunguza hatari ya shinikizo la damu la mimba, ambalo huweza kuleta kifafa cha mimba. Ulizeni kliniki. Mkipewa, msimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Viachanisheni kwa saa kadhaa, maana kalsiamu huzuia madini ya chuma yasipokewe.

Akina mama wengine hutuuliza juu ya sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Ni kweli kwamba hupunguza estrojeni, na mifupa hupungua kiasi wakati inapotumika. Mama akiacha, sehemu kubwa hurudi. Kwa mama mwenye afya hili si jambo la kumtia hofu, lakini msichana mdogo sana ambaye bado anajaza akiba yake, na mama anayekaribia kukoma hedhi, wazungumze na mhudumu juu ya njia nyingine.

HEDHI IKIKOMA

Mwaka 1941 daktari Fuller Albright wa Marekani na wenzake walieleza jambo walilokuwa wameliona kwa wagonjwa wao: wengi wa waliokuwa na mifupa myepesi, iliyovunjika kwa urahisi, walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Tangu hapo sababu imefahamika. Estrojeni inapokoma, wabomoaji hukosa wa kuwazuia. Wajenzi wanaendelea na kazi, lakini hawawezi kuwafikia. Mwanamke huweza kupoteza hata asilimia 20 ya mfupa wake katika miaka mitano hadi saba ya kwanza. Mfupa hubaki na umbo lake nje, lakini ndani una matundu kama mkate. Madaktari huuita ugonjwa huo osteoporosisi.

Dalili hazionekani mapema. Tazameni mambo haya: mama amefupika kuliko alivyokuwa, ameanza kuinama na kufanya kibiongo, ana maumivu ya mgongo ya ghafla baada ya kuinua ndoo, au amevunjika mkono karibu na kiganja kwa kuanguka kidogo tu. Mama wa namna hiyo asipewe dawa ya kuchua akaachwa. Apelekwe kwa daktari, maana mvunjiko wa kwanza ni onyo, na wa pili huweza kuwa nyonga. Mtu mzima aliyevunjika nyonga akalala kitandani hupata vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni, na wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Je, tumeze homoni ili kurudisha estrojeni? Kwa miaka mingi wanawake wa nchi tajiri walipewa. Mwaka 2002 uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya vidonge vya estrojeni vilivyochanganywa na projestini ulisimamishwa kabla ya muda wake. Vidonge vilipunguza kweli kuvunjika kwa mifupa, lakini waliovitumia walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, ugonjwa wa moyo na damu kuganda. Leo madaktari huchagua kwa uangalifu nani apewe, kwa kiasi gani na kwa muda gani. Zipo pia dawa nyingine za kuimarisha mifupa zisizo homoni za kike. Hakuna hata moja ya kununua kwa shauri la jirani.

VIDONGE VYA KUNENEPESHA NA MKOROGO

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili linawaumiza mabinti zetu.

Juu ya figo kuna tezi zinazotoa homoni iitwayo kotisoli. Mwaka 1948 daktari Philip Hench wa Marekani alimpa mgonjwa wa baridi yabisi dawa ya jamii hiyo, kotisoni, na mgonjwa aliyekuwa hajiwezi akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Dawa za jamii hii, kama vile prednisoloni na deksamethasoni, zimeokoa maisha ya watu wengi wenye pumu kali na magonjwa mengine. Lakini zikitumiwa kwa muda huwadhoofisha wajenzi wa mfupa, huzuia utumbo usipokee kalsiamu na hulegeza misuli. Hatari ya kuvunjika huanza kupanda katika miezi michache tu ya kwanza. Wakati mwingine hukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kikafa, na kijana akachechemea kama mzee.

Dawa hizo hizo ndizo baadhi ya wanawake wanazonunua ili wanenepe mashavu na makalio. Unene ule ni maji na mafuta yaliyohamishwa mahali, si afya. Katika nchi mbalimbali zimekutwa pia zimefichwa ndani ya dawa za unga zinazouzwa kama "dawa ya asili ya viungo". Mama akinywa, maumivu huondoka siku ya pili, naye humshukuru mwuzaji huku mifupa yake ikiliwa. Na krimu nyingi za kujichubua, hata mkorogo unaochanganywa dukani, huwa na dawa kali za jamii hiyo ambazo hupenya ngozi na kuingia katika damu.

Tahadhari moja: aliyekwisha kuzitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla. Tezi zake zimelala, na kuacha kwa ghafla huweza kumwua. Aende hospitali, aseme kweli bila aibu, apunguziwe kidogo kidogo. Na aliyeandikiwa na daktari aendelee kama alivyoelekezwa, ila aulize namna ya kuilinda mifupa yake.

VIFAA VYA UJENZI VIMO JIKONI

Mwanamke mzima huhitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na akipita miaka 50 huhitaji 1,200. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina kama 300. Asiye na maziwa asikate tamaa. Dagaa huliwa na mifupa yao, nayo ndiyo yenye kalsiamu. Wakisagwa, unga wao hutiwa katika uji au mchuzi wa mtoto. Gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300, wakati sembe nyeupe karibu haina kitu. Ufuta usiokobolewa una zaidi ya 900 kwa gramu 100. Vijiko viwili katika mchuzi au mboga si haba.

Ulezi una kitu kinachoishika kalsiamu isipokewe vizuri. Bibi zetu walijua dawa yake, ingawa hawakujua jina: kuloweka, kuotesha na kuchachusha. Uji wa togwa au wa unga uliochachushwa usiku kucha hulisha zaidi kuliko uji wa haraka. Vivyo hivyo spinachi na mchicha vina tindikali inayofunga sehemu ya kalsiamu yao. Tuvile kwa ajili ya faida zake nyingine, lakini kwa mifupa tuchanganye na sukuma wiki na kabichi.

Protini tuipate katika maharage, kunde, choroko, njugu, mayai, samaki na nyama kidogo. Nyuzi za kolajeni haziwezi kutengenezwa bila vitamini C, nayo imejaa katika mapera, machungwa, maembe, mapapai na ubuyu. Pera moja lililookotwa uani huwa na vitamini C kuliko chungwa.

Tuulizane juu ya supu ya makongoro, ambayo kila mgonjwa wa mfupa huletewa. Ni chakula kizuri: ina protini, ina maji, na humpa hamu mgonjwa. Lakini kalsiamu ya mfupa huyeyuka kidogo sana katika maji, hata likichemka siku nzima. Nayo gundi ya supu ikifika tumboni humeng'enywa kama protini nyingine. Haiendi moja kwa moja mguuni. Basi mpeni supu, na maziwa, dagaa, maharage na tunda pia.

Juu ya jua: nusu saa hivi, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, hututosha wengi wetu. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Wanaofanya kazi ndani kutwa nzima, wanaojifunika mwili wote, na watoto wachanga wanaofungiwa ndani hadi miezi mingi wako katika hatari. Ndugu zetu wenye ualbino wasifuate shauri hili la jua. Wao wapate vitamini D kwa ushauri wa daktari.

Na tutembee. Mfupa hujengwa pale unapobebeshwa kazi. Wanaanga wanaoelea angani bila uzito hupoteza zaidi ya asilimia moja ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Mama wa mjini akaaye dukani kutoka asubuhi hadi usiku yafaa ajitafutie mwendo.

GEGEDU HALIRUDI KAMA MFUPA

Tumesema mfupa hujiunga. Gegedu linalofunika ncha za mifupa katika goti na nyonga ni habari nyingine. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliandika huko London kwamba gegedu likiharibika halirudi. Hadi leo neno lake lina ukweli mwingi. Gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo mafundi na vifaa havifiki upesi. Hulishwa na ute wa kiungo, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiliwa tunapotembea. Goti lisilosogezwa hukosa chakula, na goti linalobeba uzito kupita kiasi husagika. Madaktari wa Sweden walianza mwaka 1987 kupanda chembe za gegedu zilizooteshwa katika maabara, lakini ni tiba ya gharama, kwa majeraha fulani tu.

Kwa hiyo kinga ndiyo kubwa. Uchunguzi wa wazee wanene wenye maumivu ya goti ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Mama akipunguza kilo tano, goti lake hupumzika kilo ishirini kila anapokanyaga. Na vidonge vya glukosamini vinavyosifiwa kwamba hurudisha gegedu? Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulikuta kwamba, kwa wagonjwa wote kwa jumla, havikushinda vidonge visivyo na dawa. Fedha hiyo inunue mayai na dagaa.

TUANZE LEO

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yafuatayo hayahitaji fedha nyingi:

1. Binti apate kipande cha samaki au nyama sawa na kaka yake, na kikombe cha uji wa ulezi au maziwa kila siku.

2. Mama aliyeachisha ziwa ale vizuri na ajipe muda kabla ya mimba nyingine.

3. Mama aliyekoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa vifuko vya mayai, azungumze na daktari juu ya mifupa yake.

4. Sigara na pombe nyingi viachwe, na chumvi ipunguzwe, kwani chumvi nyingi huondoa kalsiamu katika mkojo.

5. Nyumbani kwa bibi kuwe na taa usiku, sakafu ya bafu isiachwe na maji, na njia ya chooni isiwe na mawe wala ndoo. Macho yake yapimwe.

6. Kidonge chochote cha kunenepesha, na dawa ya viungo isiyo na jina, visiingie nyumbani mwetu. Na tuwaeleze mabinti sababu, kwa upole, kabla rafiki zao hawajawaeleza vingine.

Tukikutana katika vikundi vyetu vya akina mama, kabla ya kutawanyika, tuulizane swali dogo: jana nyumbani kwako, nani alikula dagaa, na nani alipewa mchuzi tu? Jibu likiwa kwamba mchuzi ulikuwa wa binti na wa bibi, basi tumejua pa kuanzia.